Ijue Norwei: nchi ya fyodi, mfalme wa kuazima na mafuta yaliyokuta sheria mlangoni

Wadau, wengi wetu tuliijua Norwei usiku wa tarehe 26 Mei 1999 pale Barcelona, Ole Gunnar Solskjær aliponyoosha mguu dakika za majeruhi na kuwaliza Bayern Munich. Jamaa anatoka Kristiansund, mji mdogo wa wavuvi kwenye pwani ya magharibi. Vijana waliokuja baadaye wameijua kwa Erling Haaland. Zaidi ya hapo ukimuuliza mtu kijiweni habari za Norwei atakutajia vitu viwili tu, baridi na mafuta, halafu ataongeza kwamba wale jamaa walibahatika.

Hapo kwenye kubahatika ndipo nataka tubishane kidogo. Nchi zilizobahatika kupata mafuta ni nyingi na tunajua zilivyoishia. Norwei ilikuwa nchi ya kutawaliwa kwa zaidi ya miaka 500, na ilikuwa maskini kiasi kwamba watu wake walikimbilia Marekani kwa malaki. Mafuta yalipokuja mwaka 1969 yalikuta tayari kuna sheria na mazoea ya kusema "hii ni mali ya wananchi wote". Sheria zenyewe hazikutungwa kwa ajili ya mafuta, zilitungwa kwa ajili ya maji. Nitafika huko, lakini tuanze na ramani, maana bila ramani historia ya hawa watu haieleweki.

NCHI YENYEWE

Chukua ramani ya Ulaya uangalie juu kabisa kushoto. Kuna rasi kubwa inayoning'inia kuelekea kusini. Upande wa mashariki ni Uswidi, upande wa magharibi unaopigwa na bahari ndio Norwei. Kutoka kusini hadi kaskazini ni zaidi ya kilometa 1,700, lakini upana wake sehemu nyingine ni kichekesho: kule Tysfjord, kutoka maji ya chumvi hadi mpaka wa Uswidi ni kilometa 6 na kidogo. Mtu anatembea kwa mguu asubuhi na kurudi mchana. Imepakana na Uswidi, Finland na, kule juu kabisa, Urusi kwa mpaka wa kilometa karibu 200.

Bara lake ni kama kilometa za mraba 324,000, na ukijumlisha visiwa vya Svalbard na Jan Mayen inafika 385,000. Watu ni milioni 5.6 hivi. Yaani nchi kubwa, watu kiduchu. Na ardhi inayolimika ni asilimia 3 tu, iliyobaki ni milima, misitu, miamba na barafu. Mlima mrefu kuliko yote ni Galdhøpiggen, mita 2,469.

Kinachoitambulisha Norwei ni fyodi. Hizi ni ghuba nyembamba ndefu zinazoingia ndani ya nchi katikati ya milima mikali. Zilichongwa na barafu nzito enzi zile barafu ilipofunika Ulaya ya kaskazini. Barafu iliposhuka kutoka milimani ilikwangua mabonde hadi chini ya usawa wa bahari, na ilipoyeyuka bahari ikaingia. Ile ndefu kuliko zote, Sognefjord, inaingia ndani zaidi ya kilometa 200 na kina chake kinafika mita 1,300. Ukipima ufuko wote wa Norwei kwa kufuata kila fyodi na kila kisiwa unapata zaidi ya kilometa 100,000. Hiyo inatosha kuizunguka dunia mara mbili na chenji inabaki.

Matokeo yake, kwa karne nyingi barabara ya Wanorwei ilikuwa bahari. Kijiji na kijiji cha jirani vimetenganishwa na mlima usiopitika, ila kwa mtumbwi ni saa moja. Hata jina la nchi linatokana na maneno ya zamani yenye maana ya "njia ya kaskazini", njia ya meli kufuata pwani. Siku hizi wanatoboa milima. Handaki la barabara la Lærdal, lililofunguliwa mwaka 2000, lina urefu wa kilometa 24.5.

Kuhusu baridi: ipo, lakini si kama unavyodhani. Mkondo wa maji ya moto unaotoka pande za Ghuba ya Meksiko unavuka Atlantiki na kuipashia pwani ya Norwei. Bandari za kaskazini kama Narvik hazigandi mwaka mzima, wakati sehemu nyingine za dunia zilizo kwenye mstari ule ule zimefungwa na barafu. Kasheshe kubwa kwa mgeni ni mwanga. Mjini Tromsø kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai jua halizami kabisa, halafu kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi. Kwa Waislamu wanaoishi huko hii si hadithi ya kuchekesha. Ramadhani ikiangukia kiangazi hakuna magharibi ya kufuturia, kwa hiyo baadhi yao hufunga na kufungua kwa saa za Makka.

WAVIKING, TAUNI NA KUPOTEA KWA UFALME

Waviking mmewaona kwenye sinema, sitakaa nao sana. (Zile kofia zenye pembe ni uzushi wa watu wa maonyesho wa karne ya 19, hawakuvaa.) Kifupi: mwaka 793 mabaharia kutoka kaskazini walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, Uingereza, na kwa karne zaidi ya mbili Ulaya haikulala. Walikuwa maharamia, lakini vilevile wakulima waliokosa ardhi na wafanyabiashara, wakiwemo wa watumwa. Wanorwei ndio waliojaza Iceland, wakasogea hadi Greenland, na mnamo mwaka 1000 Leif Eriksson akafika Amerika ya Kaskazini, karibu miaka 500 kabla ya Columbus. Mabaki ya makazi yao yamechimbuliwa L'Anse aux Meadows huko Kanada.

Nyumbani, Harald aliyeitwa wa Nywele Nzuri anahesabiwa kuwa ndiye aliyeanza kuwaunganisha machifu wa pwani mnamo mwaka 872. Ukristo uliingia kwa panga kuliko kwa mahubiri, na mfalme aliyeusimamia, Olav Haraldsson, aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030. Baada ya kufa akafanywa mtakatifu, na kaburi lake likaifanya Nidaros, yaani Trondheim ya leo, kuwa mji wa mahujaji. Mwaka 1274 mfalme Magnus alitoa sheria moja kwa nchi nzima, jambo ambalo falme nyingi za Ulaya zilikuwa hazijalifikia. Wanapenda kukukumbusha hilo.

Halafu ikaja tauni. Mwaka 1349 iliingia Bergen, na nusu ya watu wa nchi au zaidi wakafa. Mashamba yalibaki pori, kodi ikakauka, koo za wakubwa zikaisha. Ufalme usio na watu wala hela hauna nguvu ya kujitetea. Kwa ndoa na urithi kiti cha enzi kikaangukia mikononi mwa familia ya Denmark mwaka 1380, na mwaka 1397 malkia Margrete akaziunganisha Denmark, Norwei na Uswidi chini ya mfalme mmoja. Waswidi walijitoa mapema karne ya 16. Norwei ilibaki, na mwaka 1536 Denmark ikaamua kuihesabu kama mkoa wake.

Miaka zaidi ya 400 ya Denmark iliacha alama. Lugha ya kuandikia ikawa Kidenmark, na ndiyo maana mpaka leo Norwei ina lugha mbili rasmi za kuandika: Bokmål iliyotokana na Kidenmark, na Nynorsk iliyojengwa karne ya 19 na Ivar Aasen, mtoto wa mkulima aliyezunguka vijijini kukusanya maneno ya watu wa kawaida. Mji mkuu nao ulipoteza jina. Oslo iliungua mwaka 1624, mfalme Christian IV akaujenga upya na kuuita Christiania kwa jina lake mwenyewe. Jina la Oslo lilirudi mwaka 1925.

Kuna ukurasa mmoja wa kipindi hicho ambao vitabu vya watalii huuruka. Ufalme wa Denmark na Norwei ulikuwa na ngome Afrika Magharibi, ikiwemo ile ya Christiansborg pale Accra, na meli zake zilisafirisha Waafrika kama 100,000 hadi visiwa vyake vya Karibiani. Meli mojawapo, Fredensborg, ilizama karibu na Arendal, Norwei, mwaka 1768 ikirudi baada ya kuuza watu, na mabaki yake yakapatikana chini ya bahari mwaka 1974. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1803. Kwa hiyo mtu akikwambia hawa jamaa hawakuwahi kugusa mambo hayo, mtajie Fredensborg.

1814 MPAKA 1905: UHURU KWA AWAMU

Denmark ilisimama na Napoleon, Napoleon akapigwa, na Januari 1814 Denmark ikalazimishwa kuitoa Norwei kwa Uswidi kama mtu anavyotoa ng'ombe kulipa deni. Wanorwei hawakuulizwa. Wakajiuliza wenyewe: wanaume 112 walikutana Eidsvoll, kaskazini ya Christiania, na tarehe 17 Mei 1814 wakasaini katiba. Jeshi la Uswidi likaja kiangazi kile kile, vita vikadumu wiki chache, na Norwei ikakubali kuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Lakini ilibaki na katiba yake na bunge lake, Storting. Hicho ndicho walichokiokoa, na ni kikubwa. Katiba ile bado inatumika ikiwa na marekebisho mengi, na 17 Mei ndiyo sikukuu ya taifa. Wanaoongoza maandamano siku hiyo ni watoto wa shule.

Haikuwa katiba ya malaika. Kifungu cha pili kiliwakataza Wayahudi kuingia nchini, na hakikuondolewa mpaka 1851.

Umaskini ulibaki pale pale. Mwaka 1825 meli ndogo iitwayo Restauration iliondoka Stavanger na watu 52 kuelekea New York, na huo ukawa mlango. Katika miaka 100 iliyofuata Wanorwei kama 800,000 walihamia Amerika ya Kaskazini. Kijana wa mkulima asiye mrithi wa shamba alikuwa na njia mbili, bahari au Marekani. Wanaozungumzia wahamiaji siku hizi kama vile ni jambo geni wangesoma hii.

Mwaka 1905 muungano na Uswidi ukavunjika, na ulivunjikia kwenye jambo linaloonekana dogo: Norwei ilikuwa na meli nyingi za biashara duniani ikataka mabalozi wadogo wake yenyewe bandarini, mfalme akakataa. Tarehe 7 Juni bunge likatangaza kwamba mfalme ameshindwa kazi. Uswidi ikataka kura ya maoni. Kura zikahesabiwa: waliotaka kujitenga 368,208, waliokataa 184. Hapana, sijasahau sifuri, ni watu mia moja themanini na wanne nchi nzima. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, wakakusanya saini zao wenyewe zaidi ya 240,000. Haki ya kupiga kura uchaguzi wa bunge waliipata wote mwaka 1913.

Sasa nchi ina uhuru lakini haina mfalme. Wakamwazima mwanamfalme wa Denmark, Carl. Yeye akasema sawa, ila kwanza ulizeni wananchi kama wanataka ufalme au jamhuri. Ikapigwa kura ya pili mwezi Novemba, karibu asilimia 79 wakasema ufalme. Carl akaja na jina jipya, Haakon VII, na mtoto wake Alexander akabatizwa upya Olav ili lisikike la Kinorwei.

SHERIA ZA MAJI

Hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka.

Nchi ya milima na mvua ina maporomoko ya maji kila kona. Kwa karne nyingi yalikuwa ya kutazama na kusagia nafaka. Mwishoni mwa karne ya 19 dunia ikagundua kuyageuza umeme, na mara moja wenye hela wa Ulaya wakaanza kuwazungukia wakulima wa mabondeni na kununua maporomoko. Mkulima aliyekuwa na maji yanayomwagika nyuma ya nyumba aliletewa noti akaona ameokota. Hadi 1905, mwaka ule ule wa uhuru, sehemu kubwa ya maporomoko yaliyokwisha kuendelezwa ilikuwa mikononi mwa wageni.

Bunge likashtuka. Mwaka 1906 ikapitishwa haraka haraka sheria ambayo wenyewe wanaiita sheria ya taharuki: hakuna kampuni ya nje kununua maporomoko bila kibali cha serikali. Mwaka 1909 zikafuata sheria kamili. Kiini chake kilikuwa hiki: mtu binafsi akitaka kutumia maporomoko makubwa atapewa kibali cha muda maalumu, miaka 60 mpaka 80, na muda ukiisha mitambo yote, mabwawa, mabomba na nyumba ya umeme, inakuwa mali ya serikali bila fidia. Na wakati wote huo atoe sehemu ya umeme kwa wilaya inayohusika.

Wapinzani walisema mitaji itakimbia. Haikukimbia. Viwanda vya mbolea na vya madini vilijengwa, hela za nje zikaingia, ila zilikuja kama mpangaji anayejua tarehe ya kuondoka. Mpaka leo karibu asilimia 90 ya umeme wa Norwei unatoka kwenye maji, na sehemu kubwa ya mitambo ni ya serikali kuu, mikoa na wilaya.

VITA

Tarehe 9 Aprili 1940 Wajerumani walivamia. Meli yao mpya ya kivita Blücher ilikuwa inapanda fyodi ya Oslo imebeba askari waliotumwa kuwakamata mfalme na serikali. Kwenye ngome ya Oscarsborg kulikuwa na mizinga mizee ya miaka ya 1890 ikihudumiwa na wanafunzi wa jeshi. Wakapiga, Blücher ikazama, na saa walizozipata zilimtosha mfalme Haakon kupanda treni na kutoroka. Wajerumani wakamtaka amteue Vidkun Quisling, kiongozi wa chama cha kinazi cha hapo, awe waziri mkuu. Mfalme akawaambia mawaziri wake kwamba wao wakikubali yeye atajiuzulu. Hawakukubali. Jina la Quisling likaingia kwenye lugha za Ulaya kama neno la msaliti.

Miaka mitano ya kukaliwa ilikuwa na ushujaa, kama wale makomando walioteremka bonde la Rjukan Februari 1943 na kulipua mtambo wa maji mazito ambayo Wajerumani walihitaji kwa utafiti wa nyuklia. Ilikuwa pia na aibu. Wayahudi 773 walisafirishwa kwenda kwenye kambi za mauaji, walionusurika hawakufika 40, na waliokwenda kuwakamata majumbani wengi wao walikuwa polisi wa Kinorwei.

MAFUTA

Mwaka 1958 taasisi ya miamba ya nchi iliiandikia wizara kwamba uwezekano wa kupata mafuta au gesi nje ya pwani ya Norwei unaweza kusahauliwa. Mwaka uliofuata Uholanzi ikapata gesi nyingi sana Groningen, na watu wakaanza kuitazama Bahari ya Kaskazini kwa jicho jingine. Mwaka 1962 kampuni ya Kimarekani ya Phillips ikabisha hodi Oslo: tupeni haki ya kutafuta kwenye sakafu yote ya bahari yenu, tutawalipa dola 160,000 kwa mwezi. Kwa nchi isiyoamini kwamba ina mafuta hiyo ilikuwa hela ya bure. Serikali ikasema hapana, hatumpi mtu mmoja bahari nzima. Mei 1963 ikatangaza kwamba kilicho chini ya sakafu ya bahari yake ni mali ya dola, mwaka 1965 ikakubaliana mipaka ya baharini na Uingereza na Denmark, kisha ndipo ikagawa vitalu.

Wakachimba miaka mitatu bila cha maana. Phillips walikuwa tayari kufunga virago. Siku chache kabla ya Krismasi 1969 wakathibitisha kwamba kisima chao kimegonga Ekofisk, mojawapo ya hazina kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana baharini.

Katikati ya hadithi hii kuna mtu ambaye hatajwi vya kutosha. Anaitwa Farouk al-Kasim, mtaalamu wa miamba kutoka Basra, Iraq. Mwaka 1968 aliacha cheo kizuri kwenye kampuni ya mafuta ya kwao akahamia Norwei kwa sababu mtoto wake alikuwa na ugonjwa wa ubongo aliohitaji kutibiwa huko. Mkewe alikuwa Mnorwei. Siku aliyoshuka Oslo treni ya kwenda kwa wakwe ilikuwa bado saa kadhaa. Akaona asikae bure, akaenda wizara ya viwanda kuomba orodha ya kampuni za mafuta atafute kibarua. Wizarani walikuwa na watu wa kuhesabika kwa vidole walioshughulikia mafuta, na hapa mbele yao amesimama mtu anayeyajua. Wakampa kazi ya kusoma matokeo ya visima. Alipomaliza akawaambia mafuta yapo, na baadaye akashiriki kuandika mpango wa jinsi ya kuyaendesha. Alikuwa ameona Iraq jinsi kampuni za nje zinavyoweza kuimiliki nchi kwa sababu ya mafuta, na vilevile jinsi nchi inavyoweza kuumia kwa kuzifukuza zote kwa hasira.

Mwaka 1971 bunge lilipitisha misingi kumi ambayo Wanorwei wanaiita amri kumi za mafuta. Serikali iwe na usimamizi wa shughuli zote, gesi isichomwe hovyo, kuwe na kampuni ya taifa. Mwaka 1972 ikaundwa Statoil, na pembeni yake idara ya kusimamia mafuta isiyokuwa chini ya Statoil, ili anayecheza asiwe refa. Kampuni za nje zilikaribishwa, kwa masharti ya kufundisha wenyeji na kulipa kodi kubwa. Kodi hiyo ilikuja kutulia kwenye asilimia 78 ya faida. Ukisoma masharti haya halafu ukasoma sheria ya 1909, unaona ni mkono ule ule. Mwenye mtaji karibu, mali si yako.

Msidhani kila kitu kilinyooka. Miaka ya 1970 serikali ilikopa na kutumia kwa kutegemea hela ambayo haijafika, bei za vitu zikapanda. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilipoporomoka, krona ikashushwa thamani na serikali ya wakati huo ikaanguka. Na mafuta yalikula watu. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa nyumba ya kulala wafanyakazi baharini, lilivunjika mguu mmoja na kupinduka jioni. Watu 123 walikufa kati ya 212. Wazamiaji wa mwanzo waliofanya kazi chini kabisa ya bahari walirudi na mapafu na ubongo vilivyoharibika, wakahangaika na serikali yao miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Norwei ilikiuka haki zao kwa kutohakikisha wanaelezwa hatari ya kazi.

Ule mfuko maarufu ulikuja kutokana na mshtuko wa 1986. Sheria yake ilipitishwa 1990, lakini kwa miaka sita akaunti ilikuwa tupu, kwa sababu serikali ilikuwa haina ziada ya kuweka. Hela ya kwanza iliingia Mei 1996, krona bilioni 2 hivi. Masharti ni mafupi: mapato ya serikali ya mafuta yanaingia mfukoni, mfuko unawekeza nje ya nchi tu, na tangu 2001 serikali inatumia kila mwaka kile kinachotarajiwa kuwa faida, asilimia 4 wakati ule, ikapunguzwa kuwa 3 mwaka 2017. Mwishoni mwa 2024 mfuko ulikuwa na krona karibu trilioni 20, sawa na dola trilioni 1.7 na ushee. Gawanya kwa watu milioni 5.6 unapata zaidi ya dola 300,000 kwa kila kichwa, kuanzia mtoto mchanga. Unamiliki karibu asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoko kwenye masoko ya dunia.

Kinachoniudhi binafsi ni unafiki mmoja. Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme. Safi sana. Lakini mafuta na gesi wanaendelea kuyachimba na kuyauza, tena kwa bidii, wengine wayachome.

WASAMI

Kabla ya Waviking na wafalme, kaskazini ilikuwa na Wasami, watu wenye lugha zao, wengi wakijulikana kwa kufuga kulungu wa theluji. Ardhi yao imekatwa na mipaka ya Norwei, Uswidi, Finland na Urusi. Kwa zaidi ya miaka 100 dola ya Norwei ilifanya kazi ya kuwageuza Wanorwei. Watoto walichukuliwa shule za bweni na kukatazwa lugha ya mama. Wapo wazee waliokufa bila kuwafundisha wajukuu neno moja, kwa aibu waliyojazwa.

Mwaka 1979 Wasami waligoma kula mbele ya bunge kupinga bwawa la umeme kwenye mto Alta. Bwawa lilijengwa, ila kelele zile zilizaa bunge lao, Sameting, lililofunguliwa 1989. Halafu angalia mwaka 2021: Mahakama Kuu iliamua kwamba vibali vya mitambo ya umeme wa upepo huko Fosen vilikiuka haki za wafugaji wa Kisami. Mitambo iliendelea kuzunguka. Vijana wa Kisami walikaa chini kwenye milango ya wizara Oslo mwaka 2023 mpaka serikali ikaomba radhi. Nchi iliyojua kulinda maji yake dhidi ya wageni ilichelewa sana kuona kwamba kuna watu ndani ambao kwao mgeni ni yeye.

WAO NA SISI

Njia zetu zimepishana mara nyingi kuliko tunavyodhani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom huko Mbulu ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kinorwei. Kituo cha elimu Kibaha kilianza 1963 kwa msaada wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, Norwei ikiwemo. Uwanja wa Bislett mjini Oslo ni kama wa Wakenya: Henry Rono alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 pale mwaka 1978, na mwaka 1993 Yobes Ondieki akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, pale pale. Tuzo ya amani ya Nobel hutolewa Oslo, na ndiko Wangari Maathai alikoipokea Desemba 2004, na Daktari Denis Mukwege wa Bukavu mwaka 2018.

Mengine hayakwenda vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norwei iliwajengea Waturkana kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya ziwa. Wafugaji wakageuzwa wavuvi, umeme ukawa ghali kuliko samaki, ghuba waliyotegemea ikakauka, kiwanda kikabaki jengo. Mwaka 1990 serikali ya Moi ilivunja uhusiano wa kibalozi na Oslo kwa sababu ya Koigi wa Wamwere, aliyekuwa amepewa hifadhi Norwei.

Na mwaka 2012 Statoil, ile kampuni ya mwaka 1972 ambayo tangu 2018 inaitwa Equinor, ilitangaza imepata gesi nyingi kwenye kisima cha Zafarani, bahari kuu mbele ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Zamu hii Wanorwei ndio wenye mtaji waliokaa upande wa pili wa meza, na Tanzania ndiyo mwenye bahari. Kikaja kipindi kirefu cha kujadili mkataba wa kiwanda cha kusindika gesi Lindi: nani alipe nini, kodi kiasi gani, kwa miaka mingapi. Zaidi ya miaka 10 baada ya Zafarani, gesi ile ilikuwa bado iko chini ya bahari.